Kabla ya minervali, tuulize: binti atasomea wapi jioni?



Matokeo ya Egzeta yakishatoka, poda inamwagwa vichwani, vigelegele vinajaa kartie nzima, na siku mbili baadaye tunaanza kuhesabu feza. Katika kikundi chetu maulizo ni yale yale kila mwaka: mtoto aingie chuo gani, na minervali ni ngapi? Tunalinganisha bei kama tunavyolinganisha bei ya ndagala kule Kadutu. Mara nyingi chuo kidogo cha prive ndicho kinashinda, sababu kiko karibu na nyumbani na kinakubali kulipwa kwa transhi.

Juma hili hatutaongea sana juu ya bei. Tunataka kuongea juu ya mambo ambayo hayaandikwi kwenye karatasi ya bei: mahali pa kusomea, maji, choo, chumba cha kulala, na mtu wa kupelekea malalamiko. Sisi tunaofundisha tunaona mabinti wenye akili wakianza vizuri na kusimama mwaka wa pili. Tukiuliza sababu, ni mara chache tunaambiwa kwamba masomo yalikuwa magumu.

Tuanze na hesabu kidogo, msichoke.

Wengi wetu tuliona kaka na dada zetu wakisoma kwa mpango wa zamani: gradua miaka 3, kisha lisansi miaka 2. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 mpango wa LMD umeenezwa katika vyuo vya inchi yetu: lisansi miaka 3, masta miaka 2, kisha doktora. Wazazi wengi walishika jambo moja tu, kwamba lisansi imekuwa fupi. Lakini katika LMD masomo yanahesabiwa kwa kredi. Mwaka mmoja ni kredi 60, lisansi nzima ni kredi 180. Kredi moja ni saa 25 za kazi ya mwanafunzi. Kwa mpango wa kawaida saa 15 anazifanya pamoja na mwalimu, na saa 10 anazifanya yeye mwenyewe: kusoma silabusi, kutafuta kitabu, kuandika TP, kufanya mazoezi pamoja na wenzake.

Chukueni kalamu. Kredi 60 mara saa 10 ni saa 600 kwa mwaka. Tukizigawa kwa majuma 30 ya masomo, ni saa 20 kila juma. Tukiacha siku ya Mungu ili mtoto aende kusali na kupumzika, ni saa 3 na dakika 20 kila siku.

Saa hizo si za mwanafunzi mwenye bidii peke yake. Ziko ndani ya diplome kama vile mafuta yalivyo ndani ya sombe. Ukiyaondoa, unakula majani. Kwa hiyo chuo kinachotoa darasa na mwalimu, lakini hakina meza, taa wala kitabu kwa hizo saa 3 na dakika 20, kinatoa sehemu moja tu ya masomo, na sehemu nyingine kinaiachia familia bila kuiambia.

Hatutaki kusema vibaya vyuo vidogo. Kuna wamama kati yetu ambao watoto wao walitoka humo na leo wanafanya kazi nzuri. Katika chuo kidogo mwalimu anamjua mtoto kwa jina. Akikosa kuja siku mbili, shefu wa promosio anapiga simu. Katika vyuo vikubwa mtoto anaweza kupotea mwezi mzima ndani ya oditwari ya watu mia nne, na hakuna anayemwuliza. Kwa binti ambaye ndiyo mara ya kwanza anatoka mikononi mwa mama yake, kule kujulikana ni ulinzi.

Lakini tukumbuke namna vyuo hivi vilivyozaliwa. Lovanium ilipofunguliwa Kinshasa mwaka 1954, ilijengwa juu ya kilima chake pamoja na nyumba za kulala wanafunzi. Chuo kilikuwa karibu mji. Mwaka 1971 Serikali ilikusanya vyuo vikuu vitatu vya inchi kuwa kimoja, UNAZA, na mwaka 1981 vikatenganishwa tena. Kwetu Bukavu, UCB ilianza mwaka 1989 na UEA mwaka 1991, na baada ya hapo vikatokea vyuo vidogo vingine, kila kimoja na nguvu zake. Kuna kilichoanzia katika majengo ya kanisa, na kuna kilichoanzia katika nyumba ya kupanga: sebule ikawa darasa, chumba cha wageni kikawa sekretaria, garaji ikawa oditwari. Walimu walitafutwa kwanza, na ni haki, sababu bila mwalimu hakuna chuo. Mambo mengine yaliwekwa kando, «tutayaona mbele». Katika vingine yamebaki kando mpaka leo.

Tulitembelea chuo kimoja cha namna hiyo, jina tunaliacha. Tulipouliza maktaba iko wapi, tulionyeshwa kabati. Ni kabati zuri, lina vioo, na vitabu ndani yake vinaonekana ni vya kweli. Ufunguo ulikuwa kwa apariteri, na apariteri alikuwa amekwenda benki. Tulingoja mpaka saa tisa. Wanafunzi waliokuwa pale walitucheka kidogo, kwa heshima lakini; walisema wao hawangoji tena. Wanapiga picha za silabusi kwa simu ya mwenzao mwenye simu nzuri, wanazisoma kwenye kioo kidogo mpaka batri inaisha.

Saa kumi na moja jioni kila mtu anaondoka. Mlango unafungwa. Binti anarudi nyumbani.

Hapa, wamama, inabidi tujitazame pia, tusiache lawama zote kwenye mlango wa chuo. Binti akifika nyumbani saa kumi na mbili, nini kinamngojea? Bidoni za maji. Mwiko wa bugali. Watoto wadogo wa kuogesha. Kaka yake, ambaye anasoma chuo kile kile, anaingia, anaweka mfuko chini, anatoka kwenda kuongea na wenzake kwa barabara. Akirudi, chakula kiko mezani. Binti anafungua daftari saa tatu ya usiku, wakati umeme umekatika au baba anasema taa izimwe. Tunajua kazi ya nyumbani haiwezi kungoja. Sisi wenyewe tulikua hivyo na tunalea hivyo. Lakini zile saa 600 za mwaka ni sawa kwa kaka na kwa dada, LMD haikumpa binti punguzo. Kama bidoni nne zinahitajika, kaka achote mbili. Mama mmoja wa kikundi alitangaza nyumbani kwake kwamba siku ya pili na siku ya ine binti hapiki, na aliyepewa mwiko ni kijana. Anatuambia bugali ya siku ya kwanza ilikuwa na vidonge kama mawe, baba akala kimya. Sasa inaenda.

Wale wanaotoka mbali wana shida ya namna nyingine. Mabinti wengi wanatuma maombi kutoka Walungu, Kabare, Kalehe, Mwenga. Vyuo vidogo vingi havina home, yaani nyumba za kulala wanafunzi, basi mtoto anapanga chumba. Mwenye parseli anataka garanti ya miezi kadhaa mara moja, kwa dola, na mzazi aliyeuza mbuzi kwa minervali anauza wa pili kwa chumba. Wasichana watatu wanakaa katika chumba kimoja, wanapika kwa makaa mlangoni, mvua ikinyesha wanapika ndani. Kwa miteremko ya mji wetu, nyumba za bei ndogo ndizo ziko pabaya, pale ambapo udongo unateremka wakati wa mvua. Ukienda kumtafutia binti chumba, usitazame rangi ya ukuta. Tazama kilicho juu ya nyumba na kilicho chini yake, uliza choo kiko ndani ya parseli au kwa jirani, na uliza njia ya kutoka chuoni inapita wapi saa ya giza. Nyumba za masista na za makanisa zinazopokea wasichana zinajaa haraka, na zina amri kali juu ya saa ya kuingia. Mabinti wanalalamika. Sisi tunawapenda masista juu ya amri hizo hizo, lakini tunawaomba wazazi waende kuuliza nafasi mapema, kabla ya matokeo kutoka.

Mtu akisema «huduma za chuo», wengi wanawaza intaneti na kompyuta. Sisi tunaweka choo mbele. Msituone tunaongea mambo ya aibu. Karatasi hii ni ya wamama. Chuo chenye wanafunzi mia mbili na vyoo viwili bila mlango unaofunga, bila maji ya kunawa, kinamwambia binti abaki nyumbani siku zile akiwa mwezini. Siku tatu au ine kila mwezi, kwa miezi kumi: hesabuni wenyewe ni masomo mangapi anakosa, na enteroo ngapi zinapita bila yeye. Mlango wenye kufunga kwa ndani, pipa la maji lenye robine, na ndoo yenye kifuniko si vitu vya kungojea mfadhili kutoka Ulaya. Seremala wa kartie anavifanya kwa siku mbili.

Sasa feza, kwa sababu hatuwezi kuikwepa mpaka mwisho. Chuo cha prive kinaishi kwa minervali. Mishahara ya walimu inatoka humo, na sisi walimu hatuwezi kusema isilipwe. Lakini namna ya kudai ni huduma pia. Kuna vyuo ambavyo siku ya mtihani mtu anasimama mlangoni na orodha, na asiyemaliza transhi anarudishwa mbele ya wote. Binti aliyesoma usiku kucha anateremka kilima akilia, na kikao kile kimekwisha kwake. Katika vyuo vingine mzazi anaweza kuandika barua ya kuomba kungojewa, ile wanayoiita moratwari, akataja tarehe atakayolipa, na mtoto anaingia kwenye mtihani. Ulizeni jambo hili siku ya enskripsio, wakati bado mnapendwa. Ombeni jibu kwa karatasi. Tena, kila bordero ya benki na kila resi muiweke nyumbani katika bahasha moja, mtoto achukue fotokopi tu. Tumeona familia ikilipa transhi mara mbili kwa sababu karatasi ililowa na mvua na daftari la chuo halikuandikwa vizuri.

Na kwa wale walio katika AVEC, jambo hili linatuhusu moja kwa moja. Tunaweka akiba miezi 9 au 12, kisha tunagawana. Vikundi vingi vinagawana karibu na Noeli, na feza inaliwa na sikukuu. Mbona tusianze mzunguko mwezi mwingine, ili kugawana kuangukie kabla ya mitihani ya semesta ya pili? Hakuna sheria inayosema lazima iwe Desemba. Tuliwahi kuligusa jambo hili mkutanoni na wengine walikunja uso, lakini tunalirudisha.

Kuna jambo la mwisho ambalo tungependa kulipita haraka, lakini haliwezi kupitwa haraka.

Katika chuo kidogo mwalimu mmoja anaweza kufundisha masomo matatu katika promosio moja. Mtu huyo ana mkononi pointi nyingi za mtoto. Walio wengi ni watu wa heshima. Tunafanya kazi nao. Lakini kuna wanaomwambia binti aje achukue pointi zake mahali ambapo si ofisini. Wanafunzi wana jina la mzaha kwa jambo hilo, wanasema ni pointi zinazoambukizwa kwa ngono, kama ugonjwa. Wanacheka, lakini anayepatwa hacheki. Akikataa anarudia mwaka, na mzazi anasema mtoto hana akili. Akikubali, tunajua yanayofuata.

Sheria namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006 inakataza jambo hilo. Mtu anayetumia amri, vitisho au nguvu ya cheo chake ili apate tendo la ngono anaweza kufungwa tangu mwaka 1 hadi miaka 12. Lakini sheria hiyo hiyo inataka aliyetendewa alete mashtaka mwenyewe. Bila yeye kusema, hakuna kesi. Na atasema kwa nani? Katika vyuo vikubwa kuna ngazi nyingi za kupanda. Katika chuo kidogo anayepokea malalamiko labda ni shemeji ya mwalimu yule, na ofisi yao ni moja, meza mbili zimetazamana. Kwa hiyo tunapoenda kuandikisha binti, tuulize kwa sauti ya kawaida, kama tunavyouliza saa ya kuanza masomo: kuna mwanamke gani hapa ambaye mtoto wangu anaweza kumwendea akiwa na shida? Kama wanajibu kwa jina na kwa ofisi, vizuri. Kama wanatazamana, umepata jibu. Na nyumbani tumwambie binti mapema, kabla jambo halijatokea, kwamba akituambia hatutamwuliza kwanza alivaa nini.

Mama mmoja alituuliza: basi mnataka tuache vyuo vidogo? Hapana. Tunataka twende kuviona kabla ya kulipa, na tusiende asubuhi ya mlango wazi, wakati kumefagiliwa na kuna Fanta. Twende siku ya kazi, saa kumi ya alasiri. Tuombe kuona arete ya Minista inayoruhusu chuo, maana Wizara imekwisha kufunga vyuo zaidi ya mara moja, na watoto wakabaki na karatasi zisizojulikana. Tuombe kuingia maktaba na kukaa humo nusu saa. Tuone kama kuna mwanafunzi hata mmoja anayesoma. Twende chooni. Tuulize wasichana wa mwaka wa pili, tukiwa peke yetu nao, wanasomea wapi jioni. Mkuu wa chuo mwenye nia njema hatakasirika. Mmoja tuliyemwuliza hivyo alinyamaza kidogo, kisha akasema hakuna mzazi aliyewahi kumwuliza, wote wanauliza bei. Juma lililofuata ufunguo wa kabati ulihamia kwa sekretere, ambaye haendi benki.

Na sisi wenyewe kuna tunachoweza kufanya bila kungojea chuo chochote. Chumba cha mikutano cha kikundi kinafungwa kila siku saa kumi ya alasiri na kinalala bure mpaka asubuhi. Kina meza ndefu mbili na mabenchi. Tunapendekeza kifunguliwe siku ya kwanza mpaka siku ya tano, tangu saa kumi na moja ya jioni hadi saa mbili ya usiku, kwa mabinti walio chuoni na wale wa mwaka wa sita. Taa ya jua moja tunayo. Ya pili inahitajika, na batri yake. Wamama wawili watakaa kila jioni, wasuke au washone, wasiongee sana. Saa mbili mabinti watarudi kwa makundi kulingana na avenyu, na kaka mmoja mkubwa kwa kila kundi. Hapo kaka nao watapata kazi.

Jambo hili litaongelewa mkutanoni siku ya posho, baada ya kuweka akiba. Anayeweza kukaa jioni moja kwa juma alete jina lake na siku yake. Mabinti saba wamekwisha kutuma majina yao, na mmoja anauliza kama anaweza kuja na mtoto wake mchanga. Tumemwambia aje.